Majibu Matatu ya Uongo

Kwa miezi saba nililipwa kuandika uongo. Kila swali lilitaka jibu moja la kweli, ambalo lilinichukua dakika moja hivi, na majibu matatu ya uongo, ambayo yangeweza kunimalizia jioni nzima. Ilikuwa kazi ya mitihani ya majaribio ya shule za msingi, zile karatasi zinazouzwa kwa seti pamoja na mwongozo wa kusahihisha. Malipo yalikuwa shilingi 40 kwa swali. Mhariri sikuwahi kumwona kwa macho, tulijuana WhatsApp tu. Kosa langu kubwa, kwa maoni yake, lilikuwa kuandika uongo usiovutia. "B haina nguvu," angeniandikia saa tano usiku. "Hakuna mtoto atadanganyika na B. Fikiria kama mtoi ambaye hajasoma."

Nilikuwa nimetoka chuo na digrii ya fasihi, miaka minne ya kuambiwa kwamba kazi ya mwandishi ni kuingia katika kichwa cha mtu mwingine na kuiona dunia kwa macho yake. Sasa nilikuwa naingia katika vichwa vya watoto wa miaka kumi na moja ili niwakute wakikosea. Na wacha niseme ukweli, nilikuwa mzuri. Kufikia mwezi wa tatu mhariri alikuwa ananijibu kwa vidole gumba.

Kwa hiyo naomba tulisome swali la kuchagua jibu jinsi tunavyosoma shairi au ngano, kama utanzu. Lina umbo, lina kanuni, lina mwaka wa kuzaliwa na watu waliolilea. Tena hakuna utanzu mwingine ambao wewe na mimi tumeusoma kwa wingi huu. Karatasi ya Kiswahili ya KCPE ilikuwa na maswali 50, kila moja na majibu manne. Hayo ni majibu 200 katika kikao kimoja, na 150 kati yake ni kazi ya kubuni. Hakuna riwaya uliyoisoma darasa la nane kwa makini kiasi hicho, penseli mkononi, jasho likikutoka kwapani.

Wanaosimulia historia ya jambo hili huanzia kwa Frederick J. Kelly, na mimi sina sababu ya kuanzia kwingine. Mwaka 1914 Kelly alikamilisha utafiti wake katika Teachers College, Chuo Kikuu cha Columbia, New York, juu ya alama ambazo walimu huwapa wanafunzi na jinsi zinavyotofautiana. Hakuwa peke yake katika kushangaa. Daniel Starch na Edward Elliott wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walikuwa wametuma kopi za karatasi ileile ya mwanafunzi kwa walimu wengi, kila mmoja asahihishe kivyake. Walianza na Kiingereza mwaka 1912, alama zikatawanyika kama kuku waliotupiwa jiwe. Mtu angeweza kusema, aah, hicho ni Kiingereza, kila mwalimu na ladha yake. Basi wakarudia na jiometri, somo ambalo ukweli wake hauna ladha, na karatasi moja ikapata chini ya 30 kwa mwalimu mmoja na zaidi ya 90 kwa mwingine.

Hiyo karatasi naijua. Darasa la sita niliandika insha mbili usiku mmoja, yangu na ya rafiki yangu tuliyekaa naye dawati moja, kwa malipo ya mandazi mawili. Yangu ilipata 27 kwa 40. Yake, ambayo niliitunga mimi mwenyewe na yeye akainakili kwa ule mwandiko wake wa duara, ikapata 34. Ungemwendea nani na malalamiko kama hayo?

Kwa hiyo tukimchora Kelly kama adui wa ubunifu tutakuwa tumemwonea. Alikuwa anauliza swali la haki: mtoto afanyiwe nini ili alama yake isitegemee kama mwalimu amelala vizuri, kama anampenda, kama anamjua babake? Jibu lake lilitoka mwaka 1915, akiwa katika chuo cha walimu cha Emporia, jimbo la Kansas. Aliliita Kansas Silent Reading Test. Muda ulikuwa dakika tano. Kanuni yake ilikuwa kwamba kila zoezi liwe na maana moja tu, na jibu liwe sahihi kabisa au kosa kabisa, hakuna nusunusu.

Ile "silent" ya katikati ina uzito wake. Kusoma darasani kulikuwa kusimama na kutoa sauti. Mwalimu alisikia ulipokwama, alisikia ulipopaparika, na kama alikuwa mtu mzuri alikusaidia kuvuka. Kwa Kelly, chumba kizima kingeweza kupimwa kwa dakika tano bila mtu yeyote kufungua mdomo. Sisi tunaujua huo ukimya, ule wa asubuhi ya mtihani, mpaka unasikia penseli ya mtu wa nyuma ikiandika na unajiuliza yeye amefika swali la ngapi.

Swali linalotajwa sana katika karatasi yake ni la wanyama. Mtoto anapewa majina manne: ng'ombe, simbamarara, panya, mbwa mwitu. Anaambiwa azungushie mstari jina la kila mnyama mwenye faida shambani. Jibu ni ng'ombe. Sawa. Lakini tulisome polepole, kama mstari wa shairi.

Kwanza, maagizo yanasema "kila mnyama", kana kwamba huenda wapo wawili. Mtoto mwenye bidii atazunguka akimtafuta wa pili ambaye hayupo, huku dakika zake tano zikiyeyuka. Pili, angalia wale watatu wa uongo. Simbamarara hayupo Kansas, hajawahi kuwapo, ametolewa vitabuni au sarakasi. Mbwa mwitu ni mnyama wa nje ya boma. Panya ndiye kiumbe wa ajabu. Panya yuko shambani kweli, anakula pale, analala pale, mtoto amemwona asubuhi hiyohiyo. Mtoto anayesoma haraka, akachukua "shambani" na kuiacha "faida", atamzungushia panya mstari. Mhariri wangu angemrudisha simbamarara siku hiyohiyo: hana nguvu. Panya angepata kidole gumba. Huyo panya wa 1915 ndiye babu wa kila B niliyowahi kuandika.

Karatasi ya Kelly haikuwa A, B, C, D tupu kama tuliyoizoea sisi. Mahali pengine mtoto aliandika neno, pengine alichora mstari. Lakini jambo kubwa lilikuwa limeshafanyika. Kabla ya hapo kosa la mtoto lilikuwa mali yake, alilibuni mwenyewe kwa kichwa chake. Sasa kosa lake lilikuwa limeandikwa kabla hajaingia darasani, na mtu mzima, na yeye alichofanya ni kulichagua tu.

Halafu vita vikaja. Marekani iliingia katika Vita vya Kwanza vya Dunia mwaka 1917, na jeshi lilikuwa na vijana wengi kuliko maofisa wa kuwahoji. Robert Yerkes akaongoza kundi la wanasaikolojia walioandaa mitihani miwili, Alpha ya wanaojua kusoma na Beta ya picha kwa wasiojua. Mengi ya Alpha yalitokana na kazi ya Arthur Otis, aliyekuwa mwanafunzi wa Lewis Terman huko Stanford. Walipimwa watu kama milioni 1.7. Hapo ndipo swali la kuchagua lilipoacha shule na kuwa kitu cha taifa.

Sasa soma haya. Swali moja la Alpha lilimuuliza askari Crisco ni nini: dawa, kiua viini, dawa ya meno au chakula. Lingine lilitaka ajue Christy Mathewson alipata umaarufu kwa kazi gani. Mathewson alikuwa mchezaji wa besiboli. Crisco ni mafuta ya kupikia, ya kopo. Ni kama mtu akuwekee Kimbo kwenye karatasi, akupe machaguo manne, kisha aseme anapima akili uliyozaliwa nayo. Wewe utacheka na kupata alama. Kijana aliyeshuka meli juzi kutoka Italia atajifunza kwamba ni mjinga, kwa sababu jikoni kwao hawakupika kwa Crisco. Waliosahihisha walifikia hata kutangaza kwamba wastani wa akili ya Mmarekani mweupe mtu mzima ni wa mtoto wa miaka 13, na badala ya kuushuku mtihani wakaishuku nchi.

Kicheko changu kiliisha nilipokumbuka ngeli.

Katika Kiswahili, Crisco yetu ni ngeli. Swali la "chagua sentensi iliyo sanifu" lina sentensi moja ya kitabu na tatu za makosa. Za makosa nilikuwa nazipata wapi? Nilimpigia dada yangu simu. Dada anaishi Umoja, anauza mitumba, na anaongea Kiswahili cha Nairobi bila kuomba mtu msamaha. Leta hiyo kiti. Kitabu yangu iko wapi. Hakuna mtu alikuja. Nilimsikiliza akinipa habari za watoto, nikaandika kwenye daftari, nikabadilisha jina la mhusika, nikaipa herufi. Mhariri alifurahi sana: hizi zina nguvu! Si lazima ziwe na nguvu? Ndivyo mama ya huyo mtoto anavyoongea. Ndivyo mhariri mwenyewe alivyoniandikia, kama utarudi juu ukaangalie: "hakuna mtoto atadanganyika." Katika karatasi yake hiyo ni kosa, alama sifuri.

Sisemi ngeli zisifundishwe. Mwalimu aliye hai anaweza kusema, nyumbani tunasema hivi, kwenye insha tunaandika hivi, na mtoto akatoka akiwa na vyote viwili. Utanzu huu hauna mahali pa sentensi kama hiyo. Una mahali pa herufi moja, na lugha ya jikoni kwetu inaingia kwa mlango mmoja tu, wa mtego.

Kuna mtu aliyelisoma jambo hili mapema sana, na ninampenda kwa sababu alikuwa na umri wetu. Horace Mann Bond alikuwa Mmarekani mweusi ambaye hajafikisha hata miaka 20 alipoandika makala katika jarida la The Crisis mwaka 1924 kuhusu mitihani ya jeshi. Wakubwa walikuwa wanazitumia alama za Alpha kuthibitisha kwamba watu weusi wana akili ndogo kwa kuzaliwa. Bond hakupiga kelele. Alichukua takwimu zilezile akazisoma jimbo kwa jimbo, akaonyesha kwamba weusi wa Illinois walikuwa na wastani wa juu kuliko weupe wa baadhi ya majimbo ya kusini. Kama ni damu, hilo linawezekanaje? Alama zilikuwa zinafuata shule, na shule zilikuwa zinafuata pesa. Huo ndio uhakiki. Alisoma matini yaleyale ambayo wengine wote walikuwa wanayanukuu, ila yeye aliyasoma mpaka mwisho.

Upande ule mwingine alikuwako Carl Brigham wa Princeton. Mwaka 1923 alichapisha kitabu kilichopanga mataifa ya wahamiaji kwa akili, kwa kutumia alama za jeshi. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuwafungia mlango watu wa kusini na mashariki mwa Ulaya, na wa Asia. Kitabu hicho hakikuiandika sheria, lakini kilikuwa miongoni mwa vitabu vilivyokuwa vinasomwa wakati inapitishwa. Mwaka 1926 Brigham huyohuyo aliongoza mtihani wa kwanza wa SAT, uliofanywa na watahiniwa 8,000 hivi. Kisha mwaka 1930 akajikana. Aliandika waziwazi kwamba ulinganishaji wake wa mataifa haukuwa na msingi. Ni watu wachache wenye cheo huwa wanafanya hivyo, na nampa heshima yake. Ila mlango ulikuwa umeshafungwa, na SAT ilikuwa imeshaota miguu.

Kilichobaki kilikuwa mashine, na hapa historia inakuwa ya kuchekesha kidogo. Reynold Johnson, mwalimu wa Michigan, alipokuwa kijana alikuwa na mchezo wa kuchora kwa penseli kwenye plagi za injini za magari ya wanaume waliokuja kuwatembelea dada zake. Penseli ina grafiti, grafiti inapitisha umeme, cheche inapotea njia, gari halianzi. Alipokua alitumia akili ileile: kama alama ya penseli inapitisha umeme, mashine inaweza kuihisi kwenye karatasi na kuhesabu. IBM ilimwajiri, na mwaka 1938 ikatoa IBM 805, mashine ya kusahihisha mitihani. Mashine zilizokuja baadaye zilisoma kwa mwanga, lakini penseli haikuachwa. Kwa hiyo kile kistari ulichoambiwa kiwe cheusi sana na kisitoke nje ya kisanduku kina asili yake kwa kijana mmoja mtundu aliyekuwa anawaharibia watu mapenzi.

Sasa, kama hiki ni utanzu, yuko aliyeutumia kwa sanaa? Yuko. Alejandro Zambra wa Chile alitoa Facsímil mwaka 2014, na Megan McDowell akaitafsiri kwa Kiingereza mwaka 2016. Kitabu kizima ni mtihani. Kina maswali 90 katika sehemu tano, kwa umbo la ule mtihani wa lugha ambao Wachile walifanya ili kuingia chuo kikuu, na ambao Zambra mwenyewe aliufanya mwaka 1993. Utawala wa Pinochet ulikuwa umeisha miaka mitatu tu kabla, lakini karatasi ilikuwa ileile. Kuna swali ambalo neno lake ni "kimya", na majibu yote matano ni kimya, kimya, kimya, kimya, kimya. Nilipolifikia hilo niliweka kitabu chini. Ni ule ukimya wa Kelly, dakika tano bila mtu kufungua mdomo, ila katika nchi ambayo watu walichukuliwa majumbani na hawakurudi.

Sehemu tatu za kwanza ni bora kabisa, na ningependa kila mtu aliyefanya KCPE azisome. Kupanga sentensi tano kwa mfuatano, halafu kugundua kwamba mfuatano wowote unakupa maisha tofauti, ni mchezo ambao unauma. Sehemu ya mwisho, ya ufahamu, ina hadithi tatu ndefu: moja ya mapacha na udanganyifu wa mtihani, moja ya ndoa, moja ya barua ya baba kwa mwanawe. Ni hadithi nzuri. Lakini zingeweza kukaa katika kitabu chochote, na maswali yanayozifuata yanageuka kuwa vichekesho vya kusindikiza. Naona mwandishi amechoka na kizimba akajifungulia mlango. Na nina lalamiko lingine, la mtu wa kazi. Kwa Zambra mtungaji wa swali daima ni dola, sauti baridi isiyo na uso. Hakuna mahali anapomfikiria mtu aliyekaa na laptopu ya mkopo saa tano usiku akitafuta B, akitaka B iwe nzuri, akimkumbuka dada yake.

Huku kwetu kuna wakati ambapo majibu ya uongo yalisomwa kwa heshima, na ni habari ambayo nilitamani kuambiwa chuoni. Kabla ya KCPE tulikuwa na CPE, na kufikia miaka ya 70 CPE ilikuwa ya kuchagua mwanzo mpaka mwisho, hakuna insha. Nafasi za sekondari zilikuwa chache, kwa hiyo karatasi ile iliamua maisha. Anthony Somerset, mtafiti aliyefanya kazi na Wizara ya Elimu, alichambua maswali akakuta mengi yanapima kukumbuka tu, na yanampendelea mtoto wa shule yenye vitabu. Mageuzi yaliyofuata yalileta maswali ya kufikiri, yaliyotokana na mambo ambayo mtoto wa kijijini pia ameyaona kwa macho yake. Lakini kitu ninachokipenda ni kijarida, CPE Newsletter, kilichotumwa mashuleni baada ya mtihani. Kilichukua swali, kikaonyesha watoto wangapi walichagua A, wangapi B, wangapi C, kisha kikaeleza kwa nini. Huenda waliochagua C walifikiri hivi. Mwalimu, fundisha hivi.

Hebu fikiria. Serikali ilikaa chini ikamsomea mwalimu wa kijijini kosa la mtoto wake kama matini yenye mantiki. Panya hakupewa tu alama ya X, aliulizwa ametokea wapi.

KCPE ilianza mwaka 1985, insha ikaingia, na mwaka 2023 ikafanywa kwa mara ya mwisho. Nakumbuka watu mtandaoni wakisherehekea ati tumeaga kukariri. Lakini KPSEA ya gredi ya sita, iliyoanza mwaka 2022 katika mtaala ambao ulikuja kutuokoa na hayo yote, ni A, B, C, D. Nani angeshangaa? Watoto ni zaidi ya milioni moja, na mashine haitaki mandazi. Soko la karatasi za majaribio halikulala hata siku moja. Ndilo lililonipa kazi. Na sisi wa seti hatukuwahi kurudishiwa chochote. Karatasi inasahihishwa, mtoto anaambiwa alama, kisha mama wa kibanda anaifungia karanga.

Ndiyo maana sikuwa tayari kwa jioni ile ya Umoja.

Nilikuwa nimemtembelea dada. Binti yake, Shiku, yuko gredi ya sita, na shule yao ilikuwa imenunua seti. Aliniletea karatasi ya Kiswahili nimwangalizie. Kwenye ufahamu alikuwa amepata tisa kwa kumi. Niliitambua kabla sijamaliza sentensi ya kwanza. Kijana Otieno anapanda matatu, matatu imejaa. Anaona kibeti chini ya kiti, anampa kondakta. Jioni mwenye kibeti anakuja steji, kondakta anampa na hela zote zimo. Kesho yake mama huyo anamtafuta Otieno na kumzawadia shilingi 200. Swali la kumi: kichwa kinachofaa zaidi kwa kifungu hiki ni kipi? A, Uaminifu una malipo. B, Safari ya Otieno. C, Kibeti kilichopotea. D, Kondakta mwaminifu.

Jibu ni A. D niliiweka kwa ajili ya mtoto aliyesoma katikati tu. Shiku alikuwa amechagua D, na mwalimu amempiga X nyekundu.

"Hapa ulikosa wapi?" nikamuuliza, kwa ile sauti ya anti anayejua.

"Sikukosa."

"Shiku."

"Anti, soma vizuri. Otieno alipata hiyo kibeti gari ikiwa imejaa. Watu wote walikuwa wanamwona. Angeweka kwa mfuko wangemshika. Kondakta alikaa nayo peke yake mpaka jioni, na hakuna mtu alikuwa anamwona. Angekula hizo pesa nani angejua? Na hakupewa kitu. Mia mbili alipewa Otieno." Akaweka kidole kwenye A. "Kwa hivyo hii ndiyo uongo. Yule mwaminifu kabisa hakulipwa."

Niliisoma tena. Ile matatu iliyojaa niliiweka kwa sababu mhariri alisema kifungu ni kifupi, niongeze maelezo. Kondakta nilimweka kwa sababu kibeti kilihitaji mahali pa kukaa mpaka jioni. Hakuna hata moja kati ya hayo nililolifikiria.

"Unaona?" Shiku akasema. "Kwani nani aliandika hii kitu?"

Nilifungua mdomo. Kutoka jikoni dada yangu akaita, "Shiku, wacha kusumbua anti yako. Leta hiyo kisu."